Nyangumi, pomboo na nguva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miili na tabia zao

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine nimeulizwa dikoni, mengine darasani, mengine na wageni waliopanda boti Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Nimeyajibu kwa Kiswahili kwa sababu wanyama hawa ni wa bahari yetu, na utafiti juu yao karibu wote huandikwa kwa lugha ambayo mvuvi anayewaona kila siku haisomi.

Nyangumi na pomboo ni samaki?

Si samaki. Wana damu ya joto, wanavuta hewa kwa mapafu, wanazaa na kunyonyesha. Ukitaka kuwatambua kwa mbali, tazama mkia. Mkia wa samaki umesimama wima na hupiga kushoto na kulia. Wa pomboo umelala na hupiga juu na chini, na mgongo unakunjuka nao kama wa duma anayekimbia. Mwendo huo wameurithi kwa mababu waliotembea nchi kavu. Ndugu yao wa karibu kuliko wote walio hai leo ni kiboko. Huko Misri, katika bonde la jangwani liitwalo Wadi Al-Hitan, imelala mifupa ya nyangumi wa kale waliokuwa bado na vijiguu vya nyuma, vidogo mno kuweza kubeba mwili. Bonde hilo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Kuwaita samaki kwa mazoea hakudhuru. Kinachodhuru ni kusahau kwamba kila mmoja wao lazima apande juu kuvuta pumzi. Pomboo aliyenaswa na jarife usiku hauawi na jeraha. Anakufa kwa kukosa hewa, mita chache tu kutoka mahali hewa ilipo.

Nguva je? Si yule mwanamke mwenye mkia wa samaki?

Mitandao imemfanya nguva kuwa jini, hata watoto wengine wa pwani hawajui tena kwamba ni mnyama wa kweli. Nguva ni mnyama mpole, mzito wa kilo mia kadhaa, anayekula majani ya bahari kama ng'ombe anavyokula nyasi. Hana udugu wa karibu na nyangumi. Jamaa zake ni tembo na pimbi. Jike ana matiti mawili karibu na makwapa, na huenda hapo ndipo hadithi ya mwanamke wa baharini ilipopata nguvu.

Mimba yake huchukua zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na huweza kukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Hesabu hiyo ndiyo inayotutia hofu. Mnyama anayezaa polepole namna hiyo hawezi kufidia hata vifo vichache vya nyavuni kila mwaka. Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, wakubwa wanaoweza kuzaa wakikadiriwa kuwa chini ya 250. Kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji. Kwetu, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo ambalo wavuvi bado hukutana naye.

Wanawezaje kukaa chini muda wote huo bila kupumua?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni.

Wengi hudhani wana mapafu makubwa ajabu. Sivyo. Akiba yao iko kwenye damu na kwenye nyama. Chukua sili, mnyama mwingine wa bahari anayenyonyesha, mwenye mapezi badala ya miguu. Huyu ni sili wa Weddell, anayeishi Antaktika. Binadamu hubeba takriban mililita 20 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili wake, sili huyu hubeba zaidi ya 80. Na mapafu yanachangia kidogo sana katika akiba hiyo. Sili wengi hutoa pumzi nje kabla ya kuzama, jambo ambalo mpiga mbizi yeyote wa kwetu angeliona wazimu.

Kinachohifadhi oksijeni ndani ya misuli ni protini iitwayo mioglobini. Ndiyo inayoipa nyama ya ng'ombe wekundu wake. Kwa wanyama wanaozama sana imejaa kiasi kwamba nyama inakaribia kuwa nyeusi. Mwanasayansi John Kendrew alipotaka kujua umbo la protini kwa mara ya kwanza duniani, alitumia mioglobini ya nyangumi wa ambari, yule ambaye ambari ya tumboni mwake imefanyiwa biashara katika pwani hizi kwa karne nyingi. Alichagua nyama yake kwa sababu ina mioglobini tele. Umbo hilo lilichapishwa 1958, na mwaka 1962 akapata Tuzo ya Nobeli. Lakini protini zikisongamana hushikana na kuwa bonge, sasa hizi mbona hazishikani? Jibu lilipatikana 2013: mioglobini ya wanyama hawa ina chaji nyingi za umeme za aina moja juu yake, hivyo kila chembe inaisukuma mwenziwe.

Jambo la pili ni moyo. Mtafiti Per Scholander wa Norway alionyesha, katika kazi yake iliyotoka 1940, kwamba sili akizamishwa moyo wake hupunguza mwendo kwa ghafla, na damu hubanwa isiende kwenye misuli na matumbo bali ibaki kuhudumia ubongo na moyo wenyewe. Hata wewe una chembe ya uwezo huu. Kama huna tatizo la moyo, keti, hesabu mapigo yako, kisha vuta pumzi na utumbukize uso kwenye beseni la maji baridi huku mwenzio akishika mshipa wa mkono na kuhesabu. Yatapungua. Kwa sili hupungua mno.

Ila sili wa Scholander walizamishwa kwa nguvu maabara. Je, anayezama kwa hiari yake hufanya vivyo hivyo? Katika miaka ya 1960 Mmarekani Gerald Kooyman alikwenda Antaktika akatoboa tundu kwenye barafu, mbali na tundu jingine lolote, akamwachia sili wa Weddell hapo. Sili hana budi kurudi kwenye tundu lile lile kuvuta hewa, kwa hiyo chombo ulichomfunga mgongoni kinarudi nacho. Chombo chenyewe kilitengenezwa kwa saa ya jikoni, ile ya kuhesabu dakika za kuchemsha yai, ikizungusha kipande cha kioo kilichopakwa masizi. Sindano ilikwaruza masizi kadiri kina kilivyoongezeka. Kwa saa ya jikoni na masizi, binadamu akajua kwa mara ya kwanza mnyama wa bahari anakwenda kina gani na kwa muda gani. Baadaye Kooyman na wenzake walionyesha kwamba safari nyingi za sili huisha kabla akiba ya oksijeni haijakwisha, chini ya dakika 20 hivi. Akipitiliza, misuli hujaa asidi na inamlazimu apumzike juu kwa muda mrefu. Kumbe mnyama huyu anapiga hesabu, hakimbilii ukingoni kila mara.

Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyofanywa Monterey Bay, California, ambako kifaa kilibandikwa kwa vikombe vya kunyonya kwenye ngozi ya nyangumi buluu, karibu na pezi lake. Huyu ndiye mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi. Alipokuwa chini moyo wake ulipiga mara 4 hadi 8 kwa dakika, na wakati mwingine mara 2 tu. Alipopanda juu kuvuta hewa ulifika 37, karibu na mwisho wa uwezo wake. Huyu ni mnyama ambaye muda wake wa juu una thamani kubwa. Likumbuke hilo tukifika kwenye suala la boti.

Nani anazama kina kirefu kuliko wote?

Nyangumi wa Cuvier, wa jamii ya nyangumi wenye midomo iliyochongoka, ambaye yumo pia kwenye Bahari ya Hindi. Ameshapimwa akifika mita 2,992, na mwingine amekaa chini dakika 222. Hizo ni saa tatu na dakika 42 kwa pumzi moja.

Mbona hawapati ule ugonjwa unaowapooza wapiga mbizi?

Wavuvi wa majongoo bahari wanaotumia mitungi wanaujua vizuri, kwa sababu wamo vijana walioingia majini wazima wakatoka hawatembei. Naitrojeni ya kwenye hewa iliyobanwa huingia kwenye damu. Ukipanda haraka, hutoka kama mapovu ya chupa ya soda iliyofunguliwa. Nyangumi ana bahati mbili. Havuti hewa akiwa chini, na akifika kina fulani mbavu zake zinajikunja, vifuko vya mapafu vinafunga, naitrojeni haipenyi tena.

Muda mrefu wataalamu waliamini kinga hiyo ni kamili. Septemba 2002, katika Visiwa vya Canary, nyangumi 14 wa jamii ya Cuvier na ndugu zake walikwama ufukweni saa chache baada ya mazoezi ya kivita ya majini yaliyotumia sona, yaani mitambo ya kutafuta vitu chini ya maji kwa sauti kali, kuanza. Walipopasuliwa, walikutwa na mapovu ya gesi kwenye viungo na mafuta kwenye mishipa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba waliogopa sauti, wakavuruga mpango wao wa kuzama na kupanda, na mwili ukashindwa. Mwaka 2004 Hispania ilipiga marufuku sona ya namna hiyo karibu na visiwa hivyo, na mikwamo ya kundi zima ya aina hiyo ikakoma.

Wakilala si watazama?

Pomboo hulala nusu nusu. Katika miaka ya 1970 Lev Mukhametov na wenzake, huko Urusi ya enzi za Kisovieti, walipima umeme wa ubongo wa pomboo wakaona upande mmoja umelala usingizi mzito huku wa pili uko macho, kisha zinapokezana zamu. Upande ulio macho unasimamia kupumua, maana kwa pomboo kila pumzi ni ya kukusudia. Sisi tunapumua tukiwa hata tumezimia, yeye hawezi. Ukiwaona asubuhi wanakwenda polepole, wamebanana, wanapanda na kushuka kwa pamoja bila kuruka wala kupiga mikia, kuna uwezekano mkubwa wamelala.

Nyangumi wa ambari wao husimama wima majini, kama magogo yaliyochomekwa, wakisinzia dakika 10 hadi 15. Na sili-tembo wa California, kwa utafiti uliotoka 2023 uliowavalisha kofia za kupima ubongo, wakiwa baharini hulala takriban saa mbili tu kwa siku. Hupiga mbizi, wanapatwa na usingizi huko chini ambako papa na nyangumi wauaji ni wachache, wanageuka tumbo juu na kushuka wakizunguka kama jani linaloanguka. Wakirudi nchi kavu hulala kama muda wa saa kumi kwa siku.

Wanakunywa maji ya chumvi?

Kwa kawaida maji yao wanayapata kwenye samaki wanaowala na kwenye kuchoma mafuta mwilini, kwani mafuta yakichomwa hutoa maji. Figo zao zimegawanyika vipande vidogo vingi kama kichala cha zabibu, na zinaweza kutoa mkojo wenye chumvi kuliko bahari yenyewe.

Pomboo huonaje usiku, au kwenye maji ya matope?

Kwa masikio. Hutoa milio mifupi ya haraka kutoka kwenye njia za pua, milio hiyo hukusanywa na lile bonge la mafuta la kwenye paji la uso na kurushwa mbele kama tochi. Mwangwi unaporudi hupokelewa na taya la chini, ambalo lina mafuta mepesi yanayoupeleka hadi kwenye sikio la ndani. Mwaka 1960 Kenneth Norris alimfunika pomboo macho kwa vikombe vya mpira, na bado aliogelea kupita vizuizi bila kugusa kitu. Pomboo anaweza kutofautisha kwa mwangwi vitu ambavyo sisi tungehitaji kuvishika mkononi.

Sasa mbona wananaswa? Uzi mwembamba wa nailoni hurudisha mwangwi hafifu, na pomboo hamulikii kila wakati. Mara nyingine yuko mbioni nyuma ya samaki, mara nyingine amechoka. Unguja vimewahi kujaribiwa vifaa vidogo vinavyolia vikifungwa kwenye nyavu ili kuwashtua. Ni njia mojawapo ya kumsaidia bila kumnyima mvuvi riziki.

Ni kweli kwamba wana majina?

Wana kitu kinachokaribia jina. Mwaka 1965 Melba na David Caldwell waligundua kwamba kila pomboo wa chupa ana mluzi wake, tofauti na wa mwenziwe. Huutunga akiwa mchanga, na huweza kubaki nao maisha yake. Katika Ghuba ya Sarasota, Florida, ambako kundi moja la pomboo limefuatiliwa tangu 1970, watafiti wanawajua watoto, mama na bibi zao kwa miluzi yao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews walirudisha majini kwa spika nakala za miluzi ya pomboo wa mwituni wa Uskoti. Pomboo aliposikia mluzi wake mwenyewe aliujibu, aliposikia wa mwingine mara nyingi alipita. Mwaka huo huo ilionyeshwa pia kwamba pomboo waliotenganishwa hukumbuka mluzi wa mwenzao baada ya zaidi ya miaka 20.

Miluzi ya pomboo wa kusini mwa Unguja nayo imerekodiwa, ikalinganishwa na ya jamaa zao wa Ghuba ya Plettenberg, Afrika Kusini.

Tukiteremsha kinasa sauti majini tutasikia nini?

Kwanza utadhani kimeharibika. Unazima mashine, boti inatulia, unashusha waya mita tano, unavaa spika za masikioni, na unachosikia ni kama mafuta ya moto yanayokaangwa samaki. Hao ni kamba wadogo wa kwenye matumbawe wanaofyatua kucha zao, maelfu kwa maelfu, usiku na mchana. Sikio likishazoea, kaango linarudi nyuma, na pomboo wakiwa karibu unasikia mluzi unaopanda na kushuka, kisha mlio kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole. Mlio huo ni mfululizo wa milipuko ya mwangwi uliosongamana pomboo anapokaribia kitu anachokichunguza. Halafu boti nyingine inawashwa, hata ikiwa mbali ya kuonekana kama kidole, na kila kitu kinazama ndani ya mngurumo wake. Kila niliyempa spika hizo amezivua kwa ukimya.

Na nyangumi wanaoimba, tunao?

Tunao. Nyangumi-nundu hutoka Antaktika, hupita Msumbiji na kufika Tanzania na Kenya wakati wa kusi, wengi wakionekana kuanzia Julai hadi Septemba. Wanakuja kuzaa na kutafutana. Huku hawali karibu chochote, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea kusini. Watamu, Kenya, kuna watu wanaowahesabu kila msimu.

Wanaoimba ni madume. Roger Payne na Scott McVay walieleza mwaka 1971 kwamba sauti hizo zina mpangilio unaorudiwa, wenye beti ndani ya beti, ndiyo maana wakaziita wimbo. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kidogo kidogo kila mwaka. Lakini kati ya 1996 na 1998 nyangumi wa mashariki ya Australia waliutupa wimbo wao wote wakaushika ulioletwa na wachache kutoka pwani ya magharibi. Sijui watu wa taarab watasemaje, lakini mimi huona hapo jambo linalofanana na lao.

Mwaka 2024 ilielezwa jinsi sauti inavyotoka. Kooni mwa nyangumi hawa kuna mto laini wa mafuta, kama wa kulalia, ambao hewa huutikisa, na hewa hiyo huzungushwa na kutumika tena bila kuachiwa nje. Mpangilio huu una mipaka: hawawezi kuimba kwa namna hiyo wakiwa chini sana, takriban zaidi ya mita 100, na sauti zao ziko katika upeo ule ule wa mngurumo wa meli. Kwa hiyo hawana pa kukimbilia, si kwa kushuka wala kwa kubadili sauti.

Mnajuaje kama kelele zinawasumbua? Mnyama hasemi.

Kinyesi chake kinasema. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, watafiti walikuwa wakikusanya kinyesi cha nyangumi kinachoelea, baadaye wakisaidiwa na mbwa waliofunzwa kukinusa kutoka kwenye boti, ili kupima homoni za msongo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, meli zilipungua ghafla na bahari ikatulia kwa desibeli 6. Homoni za msongo zikashuka. Hakuna aliyepanga jaribio hilo, na hakuna ambaye angetaka lipangwe kwa bei ile. Matokeo yalichapishwa 2012.

Mbinu nyingine zinamgusa mnyama kidogo tu au hazimgusi kabisa: droni inayopita juu ya mvuke wa pumzi na kunasa matone yake, vifaa vya vikombe vinavyobanduka vyenyewe baada ya saa kadhaa, na picha za mapezi. Zamani mambo mengi yalijulikana kwa kuwaua au kuwafungia. Mwelekeo wa sasa nauunga mkono kwa moyo wote, na haujapunguza elimu hata kidogo.

Wanaishi miaka mingapi?

Inategemea. Nguva huweza kufika 70, na umri wake husomwa kwenye pete za ndani ya pembe zake, kama mti. Anayeshinda wote ni nyangumi wa Aktiki wa kichwa kilichopinda, ambaye kwa vipimo vya lenzi ya jicho hupita miaka 200. Mwaka 2007 mmoja aliyevuliwa na wenyeji wa Alaska alikutwa na kipande cha chusa cha karne ya 19 kimezama begani.

Kwa nini hujitupa ufukweni?

Neno kujitupa si sawa, ingawa sote tunalitumia. Mmoja mmoja mara nyingi ni mgonjwa, mzee au aliyejeruhiwa. Kundi zima ni habari nyingine. Wanyama hawa hushikamana, na wanaoongoza wakipotea wote hupotea. Aprili 2006 mamia ya pomboo walikufa kaskazini mwa Unguja, upande wa Nungwi, na wenyeji waliamka kukuta ufuo umejaa. Chanzo hakikuthibitishwa. Mwaka 2008, ng'ambo tu ya maji, kaskazini-magharibi ya Madagaska, kundi la takriban nyangumi wadogo 100 wa bahari kuu liliingia kwenye ghuba yenye mikoko ambako si kwao. Jopo huru lilitoa ripoti mwaka 2013 likasema kilichoelekea zaidi kuwasukuma ni kipimo cha sauti kilichokuwa kikichora sakafu ya bahari kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Kwa kuwa utafutaji wa mafuta na gesi unaendelea pia kwetu, ripoti hiyo inafaa isomwe na kila anayetoa vibali.

Nikimkuta akiwa hai ufukweni nifanye nini?

Piga simu kwa ofisi ya uvuvi au hifadhi ya bahari iliyo karibu. Wakati unasubiri, mlaze kwa tumbo, si ubavu, chimba mchanga chini ya mapezi yasivunjike, mfunike kanga mbichi na uendelee kuilowesha. Tundu la kichwani ndiyo pua yake: usilifunike, na maji yasiingie humo. Usimburute kwa mkia hata siku moja, unachomoa uti wake. Watu wakae mbali na wanyamaze. Tayari anaogopa, na uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu.

Kuogelea na pomboo Kizimkazi kunawadhuru?

Utalii wa pomboo ulianza huko miaka ya 1990, na ni haki kusema kwamba uliwaokoa na jambo baya zaidi, kwani kabla yake pomboo waliwindwa ili wawe chambo cha papa. Kijiji kilipoona pomboo hai analipa kuliko aliyekufa, uwindaji ulikwisha. Hilo nalieleza kwa heshima kila nikiulizwa.

Lakini utafiti uliochapishwa 2010 ulipima wanafanya nini boti zikiwepo na zisipokuwepo. Bila boti, safari ilichukua theluthi moja hivi ya muda wao. Zikiwepo, ilipanda hadi zaidi ya robo tatu. Walichopoteza ni kupumzika, kula na kuchangamana. Sasa rudi kwenye yale ya juu. Mnyama huyu hulala nusu ubongo, asubuhi, kwa mwendo wa polepole, na asubuhi ndipo boti zinapofika. Kila pumzi yake ni ya kukusudia, anaona kwa mwangwi, na mashine tano zinamzunguka. Mama mwenye mtoto ananyonyesha kwa vipindi vifupi vifupi, na kila tukimrukia majini anakatisha.

Kwa hiyo jibu langu: kuwatazama hakuna tatizo, kuwafukuza ndiko kunadhuru. Mwambie nahodha wako mapema, kabla hamjaondoka, kwamba hutaki kuwakimbiza. Wengi hukimbiza kwa kuwa wanadhani mgeni akikosa kuruka majini atanung'unika. Asikate njia yao, aje kwa ubavu, apunguze mwendo, na kama kuna boti mbili tayari, msubiri. Wakiwa wamebanana wanakwenda taratibu, msiingie majini. Wakija wenyewe kucheza mbele ya boti, shangilieni.

Nimepiga picha ya pezi la pomboo. Ina faida yoyote?

Ina faida kubwa. Ukingo wa nyuma wa pezi la mgongoni hukatika na kuchanika kwa miaka: meno ya wenzake, kamba za nyavu, wakati mwingine pangaboi ya boti. Hakuna mawili yanayolingana. Kwa picha hizo hujulikana nani yupo, nani amezaa, nani hajaonekana tangu mwaka juzi, bila kumgusa yeyote. Piga ukiwa ubavuni mwake, jua likiwa nyuma yako, pezi lijaze picha hata kama kichwa hakionekani. Andika tarehe, saa, mahali, mlikuwa boti ngapi, na kama kulikuwa na mtoto. Kwa nyangumi-nundu piga upande wa chini wa mkia anapouinua kuzama, madoa meusi na meupe ya pale ndiyo kitambulisho chake. Kisha zipeleke Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja, au kwa Kenya zipeleke kwa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa. Zipeleke hata zikiwa na ukungu kidogo, maana mchano mmoja unaoonekana vizuri unatosha.